Viatu Vilivyouzwa kwa Jina la Bi Sindano

Bi Sindano hakuwahi kukanyaga uwanja wa mpira maisha yake yote, wala hakujua timu ipi inavaa rangi gani. Hata hivyo, kwa hesabu za ofisi ya mapato, alikuwa mmoja wa wauza njumu na raba wakubwa katika upande ule wa mji. Habari hiyo ilimshukia kama maji ya baridi mgongoni. Lakini mambo hayakuanzia ofisini. Yalianza na mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, na jozi moja ya raba iliyombana vidole.

Mkwe alikuwa fundi wa lifti. Alishinda kwenye majengo marefu akikagua nyaya na milango inayogoma kufunga, na mshahara wake ulikuwa ule unaofika mwisho wa mwezi ukihema. Zile raba zilipombana, aliziuza mtandaoni ili asizitupe. Aliyezinunua akalipa zaidi ya bei ya dukani, maana toleo lile lilikuwa limeadimika. Mkwe akajikuna kichwa. Haukupita muda akaenda kwenye maghala ya mitumba, akachagua viatu vyenye majina makubwa na hali mbaya, akavipeleka kwa mama mkwe wake. Yeye na mkewe walikaa chumba na sebule na mtoto mmoja, ilhali Bi Sindano alikuwa na chumba cha nyuma ambacho tangu afiwe na mume hakikuwa na kazi ila kukusanya vumbi.

"Mama, naomba niviweke hapa siku mbili tatu tu," alisema.

"Viweke, mwanangu. Havilii wala havili."

Siku mbili tatu zikazaa miaka.

Jina la Bi Sindano lilitoka kiwandani, alikofanya kazi ya kushona mikoba ya ngozi mpaka alipostaafu. Mashine yake ilipokwama hakungoja fundi. Alishika sindano akaendelea kwa mkono, na ukitazama mshono hukuweza kujua mashine iliishia wapi na mkono ulianzia wapi. Mtu wa namna hiyo huwezi kumlaza chumba cha pili na magunia ya viatu vilivyopasuka ukategemea atulie. Asubuhi ya kwanza alichukua jozi moja aioshe, kwa sababu ilinuka. Ya pili akaona soli imeachia, akatafuta gundi. Ya tatu akatoa msharasi wake wa zamani, kile chuma cha kutobolea ngozi, akapitisha uzi wa nta kuzunguka kiatu kizima. Mkwe aliporudi alisimama na kiatu mkononi akakigeuzageuza kama anayetafuta kasoro ya almasi.

"Mama, hiki ndicho kile kilichofunguka mdomo?"

"Nimekifunga. Kilikuwa kinasema sana."

Kiliuzwa mara mbili ya bei aliyotarajia. Tangu hapo ikawa ndiyo kawaida: mkwe ananunua, Bi Sindano anafufua, mkwe anapiga picha kwenye kitambaa cheupe alichokitundika ukutani, kisha anaviweka mtandaoni. Wapanda pikipiki wakaja kuchukua mizigo mlangoni kwa Bi Sindano. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwepo nyumbani mchana kutwa, na mtandao ule wa kuuzia ulitaka muuzaji awe mtu anayepatikana kwenye anwani ya mzigo, akaunti ikafunguliwa kwa jina lake, kwa namba ya kitambulisho chake, na pesa zikawa zinaingia kwenye simu yake. Zikiingia, anamtumia mkwe.

"Ni jina tu, mama," mkwe alimwambia siku hiyo.

"Jina si sabuni hata liishe," akajibu, akabonyeza alipoelekezwa.

Hakuwahi kudai kitu. Mkwe naye hakuwa mchoyo: gesi ikiisha alileta mtungi, bili ya umeme aliilipa kabla haijasomwa, na mara kwa mara aliacha noti chini ya kikombe akisema, "Hiyo ya sabuni, mama." Bi Sindano aliziita noti hizo baraka. Vidole vyake vilipoanza kumuuma asubuhi alivichua kwa mafuta, akasema ni uzee.

Meseji ya kwanza ilimkuta kwa kinyozi wa jirani, alikokwenda kuchenji noti. Ilimtaka afike ofisi ya mapato kueleza mapato yake ya biashara. Alimpa kinyozi aisome, kwa sababu miwani aliiacha nyumbani.

"Matapeli hao," kinyozi alisema bila kuzima mashine yake. "Wewe na biashara wapi na wapi? Wanatafuta wazee wa kuwatisha. Futa."

Alifuta, na wote wakacheka, hata mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa.

Meseji ya pili haikuchekesha. Ilikuwa na majina yake yote matatu, pamoja na lile la babu yake ambalo hata kiwandani hawakulijua, na ilisema "mauzo ya viatu mtandaoni". Bi Sindano aliketi kitandani. Hakutaka kumwambia binti yake. Binti yule alikuwa na moyo mweupe na mdomo usio na breki. Hakutaka kumwambia mkwe pia, si kwa kumwogopa, bali kwa sababu mkwe mwema ni kama glasi nyembamba: unaiosha taratibu. Akapiga moyo konde, akavaa gauni lake la misibani na mikutano, akaenda peke yake.

Ofisi ilikuwa na viti vya chuma vilivyofungwa pamoja, kiasi kwamba mtu mmoja akijigeuza safu nzima ilitikisika. Alipoitwa, alikuta dirishani mwanamke wa makamo, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi, sauti imechoka lakini haina ukali. Ofisa aliivaa, akasoma kwenye kompyuta, akamtazama Bi Sindano, akasoma tena.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Ni wewe unayeuza... njumu, raba za kukimbilia, buti za kupandia milima?"

"Mwanangu, mimi nina miguu miwili, na goti la kushoto halinitii. Milima nitapandia nini?"

Ofisa alitabasamu, kisha tabasamu likarudi lilikotoka. Akageuza kioo cha kompyuta ili mgeni wake aone. Mtandao wa mauzo, alieleza, huwapelekea taarifa za wauzaji ambao mauzo yao yamevuka kiwango. Bi Sindano aliutazama mstari wa mwisho. Kiasi kilichokuwepo pale hakuwahi kukishika mkononi mwake, ingawa chote kilikuwa kimepita kwenye simu yake, kidogokidogo, kama maji yanayopita kwenye mfereji bila mfereji kuyanywa.

"Lakini ni vitu vilivyotumika," alisema. "Mitumba. Watu wote wanauza vitu vyao vya zamani."

"Kweli. Ukihama ukauza kabati lako, hatukuulizi. Kiatu chako kikikubana ukakiuza, hicho chako. Lakini ukinunua kitu kwa nia ya kukiuza kwa faida, kisha ukarudia na kurudia, hiyo ni biashara. Haijalishi kama huna duka. Haijalishi kama unaifanyia chumbani." Akavua miwani. "Sasa mama, nani anayeijua biashara hii? Maana jina ni lako."

Hapo ndipo Bi Sindano angeweza kusema neno moja tu akarudi nyumbani mwepesi. Neno lenyewe lilikuwa "mkwe". Lilifika kwenye ulimi likakaa. Alimwona yule kijana akisimama mlangoni pake na mtungi wa gesi begani.

"Nipe muda," alisema. "Nitarudi na maelezo."

Ofisa alimpa wiki mbili na ushauri: aje na risiti zozote, kumbukumbu za manunuzi, nauli za mizigo, kila kilichotumika. "Anayekuja mwenyewe kueleza hupunguziwa adhabu. Anayengoja kufuatwa, sheria humfuata na riba juu."

Jioni ile mkwe alipokuja kupiga picha, Bi Sindano alimwacha amalize jozi ya mwisho, akamwekea chai, akamweleza yote kwa mpangilio, kama anayesoma maelekezo ya dawa. Mkwe aliweka kikombe chini bila kunywa.

"Umewatajia jina langu, mama?"

"Sijalitaja."

Alishusha pumzi, kisha nafuu ile ikamtia aibu, ikaonekana usoni. Alisimama, akaketi, akasimama tena. "Basi tuifunge hii akaunti kesho. Tufungue nyingine. Hata kwa jina la mke wangu."

"Kwa jina la binti yangu?"

"Kwa muda tu, mama. Mpaka hawa watusahau."

"Wamejua jina la babu yangu, baba. Watu wanaokumbuka marehemu watamsahau aliye hai?" Hakupandisha sauti. "Leo limechomwa langu, kesho la binti yangu, keshokutwa la mjukuu? Hapana. Tutakwenda wote wawili, mimi na wewe."

Mkwe hakubisha, ila aliondoka bila kuvibeba viatu alivyokuja kuchukua.

Binti alijua usiku huo huo, maana mume asiyekula hafichiki. Asubuhi alifika akiwa bado na sare ya duka la dawa anakofanya kazi, akaanza kufoka tangu getini. Kwamba mumewe amemgeuza mama yake gunia la kufichia. Kwamba yeye mwenyewe hakujua lolote kuhusu hiyo akaunti. Kwamba afadhali viatu vyote vichomwe moto.

"Ada ya mtoto ililipwa na nini?" Bi Sindano aliuliza, akiwa ameinamia soli.

Binti akashusha mkoba begani.

"Basi usivichome. Kaa unisaidie kupitisha hii gidamu kwenye matundu ya kiatu, macho yangu leo hayana msaada."

Walikwenda siku ya Alhamisi, mkwe akiwa ameomba ruhusa kazini. Kumbe hakuwa mtu wa ovyo kabisa: simu yake ilikuwa na picha za risiti za maghala, karibu zote, kwa sababu alizoea kuwapelekea wateja waliobisha bei. Ofisa alifurahi kwa namna ya watu wa ofisi, yaani alikunja mikono ya shati.

"Vizuri. Watu wengi huja hapa mikono mitupu, wanaikumbuka ile methali ya mali bila daftari baada ya mali kupotea. Sasa sikilizeni. Kodi hii haikatwi kwenye mauzo yote. Inakatwa kwenye faida. Tunatoa bei mliyonunulia, kamisheni ya mtandao, usafiri, vifungashio. Kinachobaki ndicho tunachozungumzia."

Kila alipotoa kitu, ule mstari wa mwisho ulipungua, na mabega ya mkwe yakashuka taratibu. Alijibu haraka, kwa sauti iliyoanza kurudiwa na damu. Gundi? Ipo. Uzi? Upo. Sabuni na brashi? Zipo.

"Na matengenezo?" ofisa aliuliza. "Hapa mtandaoni mnaandika kila kiatu kimesafishwa na kushonwa kwa mkono. Fundi mnamlipa kiasi gani?"

"Hakuna fundi," mkwe alisema. "Ni mama tu. Anasaidia."

Hakuisema kwa dharau. Aliisema kama mtu anavyosema jua limetoka. Na pengine angeisema siku nyingine, jikoni, Bi Sindano angeitikia kwa kichwa. Lakini pale, baada ya gundi kuwa na bei na uzi kuwa na bei na hata karatasi ya kufungia kuwa na bei, lile "tu" lilimwingia chini ya kucha.

"Kiwandani kwetu," alisema, na yeye mwenyewe akashangaa kusikia sauti yake, "hata aliyefagia vipande vya ngozi sakafuni alikuwa na mshahara."

Mkwe aligeuka.

Ofisa alivaa miwani, akaivua, akaweka kalamu mezani. "Hilo la kwenu siliamui mimi. Ila mimi nalazimika kuandika kitu kimoja, na sitakiandika kwa kubahatisha. Faida hii ni ya nani? Ya mmoja, au ya wawili? Tokeni nje mkazungumze. Nitamwita mwingine kwanza."

Walisimama kwenye korido, karibu na pipa la maji ya kunywa lililokuwa tupu. Watu walipita na mafaili. Mkwe alikunja mikono, akaikunjua.

"Mama, nilidhani unaipenda ile kazi."

"Naipenda."

"Siku zile za baada ya msiba ulikuwa hata huli. Vile viatu vilipokuja ukaanza kuimba. Binti yako ndiye aliyenionyesha. Nikajiambia, namletea mama kitu cha kumchangamsha." Alilitazama lile pipa tupu. "Kisha pesa zikaanza kuonekana, na mimi nikaacha kuangalia."

"Umesema kweli. Kilinichangamsha. Nami nikakaa kimya, kwa hiyo nusu ya kosa nibebe mimi." Alimwonyesha vidole vyake, vilivyovimba kwenye viungo. Hakufanya hivyo kumtia huruma. Alivionyesha kama anavyoonyesha kifaa. "Lakini mtu kuipenda kazi hakuigeuzi kuwa mchezo. Wewe unaipenda lifti?"

"Naipenda, mama."

"Na mwisho wa mwezi unawaambia wabaki na mshahara?"

Mkwe alicheka bila kutaka. Kicheko kikakatika, akajifuta uso kwa kiganja. "Nusu kwa nusu," alisema. "Si kwa kuwa umesema mbele ya yule. Ilipaswa kuwa hivyo tangu mwanzo."

"Nusu ya faida, na nusu ya kodi," Bi Sindano akasema. "Na nusu ya hii adhabu. Sitaki kula nyama nikuachie mfupa."

Walirudi ndani wakasema: ya wawili. Ofisa akaandika, akawaeleza watakavyojisajili kama washirika, kila mmoja atakavyojaza ritani yake ya kodi kwa fungu lake, na kwamba fungu la mkwe litajumlishwa na mshahara wake wa lifti. Kodi ya nyuma ilibaki kubwa kwa watu wa kiasi chao, lakini haikuwa lile jabali la siku ya kwanza. Na adhabu ilipunguzwa, kwa kuwa walikuja na miguu yao. Wakakubaliwa kulipa kwa awamu.

Mtu asidhani walitoka pale wakiwa wameshikana mikono. Kwa majuma kadhaa mkwe alikuja, akapiga picha, akaaga akiwa bado na viatu miguuni, chai ikapoa mezani. Binti naye alimjia mama yake na sura ya mtu aliyekosa usingizi kwa maneno mabaya.

"Mama, watu watasema unamdai mkweo mshahara."

"Watu gani?"

"Watu."

"Waambie sidai mshahara. Mimi ni mshirika, na nalipa kodi. Wakitaka kuona nitawaonyesha."

"Sisi ni familia!"

"Ndiyo maana nimemwambia yeye, sijamwambia jirani. Ungependa nimchukie kimyakimya, mwanangu? Maana nilikuwa nimeanza, na sikujua. Nilikuwa nikimwona na mtungi wa gesi nasema asante, na usiku vidole vikiniuma namsonya."

Binti alichukua brashi akaanza kusugua kiatu, kwa hasira kwanza, kisha kwa kawaida. Baada ya muda alisema, "Hata mimi nilikuwa nadhani unacheza," akaendelea kusugua.

Awamu za kwanza ziliwabana. Mkwe alichukua zamu za ziada za wikiendi, na Bi Sindano aliacha kununua vitu viwili vitatu ambavyo hakuvitaja kwa mtu. Kinyozi, aliposikia, aliapa kwamba yeye tangu mwanzo alisema ile meseji ionyeshwe kwa wataalamu. Pesa ziliendelea kuingia kwenye simu ya Bi Sindano, ila sasa hazikupita zote: fungu la kodi lilitengwa kando kabla ya mtu yeyote kuligusa, fungu la kununulia mzigo likabaki, na kilichosalia kiligawanywa. Mara ya kwanza alipobaki na pesa yake mwenyewe, aliiangalia kwenye kioo cha simu asijue la kuifanyia. Mwishowe akaenda kumwona daktari kuhusu vidole, jambo alilolikwepa muda mrefu, akaambiwa apumzishe mikono na ashone asubuhi tu. Akamweleza mkwe. Mkwe akashusha idadi ya viatu vya kununua bila kuombwa mara mbili.

Lakini Bi Sindano mwenyewe alibadilika kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia. Jumamosi moja mkwe alifika na gunia jipya, akalimwaga chumbani kwa furaha, maana alikuwa amelipata kwa bei ya kutupa. Zamani Bi Sindano angechukua cha juu akaanza kazi. Safari hii aliketi kwenye kigoda, akapekua mpaka chini, akakunja soli moja baada ya nyingine, akavinusa, akavitenga mafungu mawili.

"Hizi sawa," alisema. "Hizi umepigwa, baba. Mpira umekauka, ukivaliwa mara tatu unakatika. Mimi sizishoni, na mteja hatatusamehe. Zirudishe."

"Mama, yule jamaa hapokei mzigo ukishatoka."

"Atapokea. Leo anafungua?"

"Anafungua mpaka jioni."

Bi Sindano alisimama kwa kushika ukuta, akatafuta kanga yake nyuma ya mlango. "Twende wote. Wewe beba gunia, kusema niachie mimi. Nusu ya hasara hiyo ni yangu."

Mkwe akainama akakusanya viatu vibovu, akalifunga gunia mdomo, akalitupa begani. Kabla ya kutoka alipita jikoni akaichukua ile chai aliyowekewa mezani alipofika, akainywa yote akiwa amesimama.